Kazi ya kupiga picha bado inalisha mtu? Waliomo kwenye fani karibuni tuongee ukweli

#1 Lenzi ya Temeke (mleta mada)
Wakuu habari za usiku.

Niko kwenye picha mnato tangu enzi za kukodi kamera Kariakoo, na ndiyo kazi yangu pekee. Sina duka wala shamba pembeni. Nataka tujadili jambo ambalo wapiga picha tukikutana tunalisema kwa kunong'ona, halafu tukirudi Instagram kila mtu anatundika tangazo kwamba Desemba yake imejaa.

Hoja yangu ni hii: kazi haijapungua, imeongezeka. Zamani mtu alipigwa picha siku ya harusi, basi. Leo kuna kuvishana pete, sendofu, kicheni pati, harusi yenyewe, picha za ujauzito, ubatizo, mtoto kutimiza mwaka, hadi mahafali ya chekechea. Kote huko anatakiwa mpiga picha. Lakini huyo mpiga picha ikifika Januari anazunguka kukopa ada ya mtoto. Hela inaishia wapi?

Mfano hai. Harusi ya Jumamosi, tumekubaliana laki nane, kianzio nimepewa laki tatu. Msaidizi laki na nusu. Usafiri saluni Sinza, kanisani, bustanini, ukumbini Mbezi, elfu sitini. Albamu na fremu moja kubwa, laki mbili na ushee. Hesabu mwenyewe: kwa kianzio kile nimeshatoa hela yangu mfukoni. Nikilipwa salio lote nabaki na laki tatu na nusu hivi, na hapo bado nina picha elfu mbili za kuchambua zibaki mia nne, nizisafishe moja moja. Na hilo salio, mwenyekiti wa kamati anakwambia "tunavunja kamati wiki ijayo, utapata chako".

Sababu ni simu? Vijana wa bei ya kutupa? Kamati? Au sisi wenyewe hatujui biashara? Karibuni.

#2 Mchicha Mwiba
Simu. Uzi ungeweza kufungwa hapa.

Nenda harusi yoyote leo, bibi harusi akiingia kanisani wageni wote wako katikati ya njia wamenyanyua simu. Keki haijakatwa, picha ziko kwenye magrupu yote ya ukoo, shangazi yuko Bukoba ameshapiga vigelegele. Wewe unaleta albamu mwezi mmoja baadaye, nani ana hamu tena?

#3 Dada Albamu
Mchicha, simu imeua mambo madogo: birthday za nyumbani, picha za Idi na Krismasi studio, picha ya kutuma kijijini. Hiyo kweli, na studio nyingi za mtaani zilikuwa zinaishi kwa hayo. Lakini harusi hapana. Kwangu mimi simu ndizo zinazoleta wateja, kwa sababu mtu ameona picha yangu kwenye simu ya rafiki yake ndipo akapiga.

Mleta mada umesahau msimu. Watu wanaona Desemba tu. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza pamoja mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 zimegongana tena mwezi wa pili. Waislamu hawaoi, Wakatoliki hawafungi ndoa, unakaa na kamera yako unaifuta vumbi. Halafu ikiingia Shawwal na baada ya Pasaka, Jumamosi moja unaitwa sehemu tatu na una mwili mmoja. Mshahara wa mwaka mzima unaupata ndani ya miezi michache, na njaa inagawanywa kwenye iliyobaki.

#4 Mzee wa Negativu
Wanangu, nimesoma. Mimi nilikuwa na studio Ngamiani, Tanga, tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, nikaifunga macho yalipochoka. Niwaambie kilichobadilika.

Sisi hatukuuza kupiga picha. Tuliuza karatasi. Filamu ilikuwa na picha 36, ukiipakia kwa akili unapata 37. Kila ulipobonyeza ulijua umetumia hela, kwa hiyo ulimpanga mteja kwanza: kidevu, mkono, kola, akishusha pumzi ndipo unapiga. Picha moja, labda mbili. Usiku unaingia chumba cha giza, taa nyekundu, beseni la dawa ya kutokeza, beseni la maji, beseni la dawa ya kukazia, kisha unaanika picha kwenye kamba. Miaka ya themanini mwanzoni karatasi ya picha ilikuwa adimu kama sabuni. Aliyekuwa na ndugu Mombasa ndiye aliyefanya kazi.

Mteja alichukua picha yake, lakini negativu, ile filamu iliyosafishwa ya kutolea kopi, ilibaki kwangu, kwenye bahasha yenye namba. Akitaka kopi anarudi. Mtoto akienda Arabuni anarudi kuchukua kopi. Baba akifariki, ukoo mzima unakuja kutaka kopi ya picha ile ile. Zile kopi ndizo zilizolipa pango langu, kwa sababu kazi ilikuwa imeshafanyika siku nyingi. Ninyi leo mnampa mteja vyote kwenye fleshi siku ya kwanza, hana sababu ya kurudi. Mmeuza ng'ombe mnategemea maziwa.

Zanzibar kuna Capital Art Studio, studio ya kwanza visiwani, ilianza 1930. Nyumba ile iliishi kwa hazina ya negativu. Watalii waliingia kununua picha za Mji Mkongwe zilizopigwa kabla hawajazaliwa. Hiyo ndiyo maana ya kutunza.

#5 Kipara Ngoto
Shikamoo mzee. Nimekaa chini nasikiliza.

#6 Mtoto wa Shangani
Mzee wangu shikamoo, nikusahihishe kwa heshima. 1930 ni sahihi, ila Capital Art haikuwa ya kwanza. Mwanzilishi wake, Ranchhod Oza, alikuwa amefanya kazi kwanza kwa Gomes, na studio ya Gomes ilikuwepo Zanzibar tangu karne ya 19. Ukiona postikadi za zamani za Forodhani na Beit al Ajaib, nyingi zina jina la Gomes pembeni. Baada ya Oza alishika mwanawe, Rohit.

La hazina umenena. Mapinduzi yamepita, sarafu zimebadilika, karatasi za picha zimebadilika, negativu zimebaki na thamani.

#7 Mzee wa Negativu
Marahaba. Umesema sawa, Gomes walitangulia. Ahsante mwanangu.

#8 Nai Kati
Wakuu wa Bongo, salamu kutoka Nairobi. Mzee ameongea vizuri lakini vijana mkijaribu kung'ang'ania negativu siku hizi muwe na mkataba mkononi. Kwetu Kenya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Yaani harusi uliyoitwa ukalipwa, kama hamkuandika chochote, picha ni zao. Wapiga picha wengi hapa wanafikiri kubonyeza kitufe kunatosha.

Na kuna upande wa sura ya mtu. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe ikatozwa 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja wao hivyo hivyo. Hizo ni za Kenya, zidisheni wenyewe. Tangu hapo mimi sipigi tamasha la shule bila fomu za wazazi. Ninyi pia mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo msijione mko mbali.

#9 Kipara Ngoto
Nai Kati umeingia na mafaili kama wakili wa serikali! Watu walikuja kulia njaa wewe unawaongezea faini.

#10 Nai Kati
Heri waisome hapa kuliko kwenye barua ya wakili. Njaa ninaijua, ndugu yangu. Kafyu yetu ya korona ilianza Machi 2020 ikaondolewa Oktoba 2021, na sherehe ya Mkenya huchangamka usiku. Kuna wenzangu waliuza lenzi zote na hawakurudi tena kwenye kazi. Na wale wa Uhuru Park waliokuwa wanapiga familia Jumapili na kuchapisha papo hapo, bustani ilipofungwa kwa ukarabati 2021 wakatawanyika mitaani.

#11 Kijana wa Coco
Mimi ndiye huyo mnayemwita kijana wa bei ya kutupa, na sioni aibu.

Napiga Coco Beach wikendi na sikukuu, mahafali yakianza nahamia Mlimani. Kamera yangu ni ya kawaida, lenzi moja, na printa ndogo ya betri kwenye begi. Picha elfu mbili, unaondoka nayo mkononi. Mteja hanidai, simdai. Hakuna kamati, hakuna salio, hakuna fremu. Mwaka 2018 vitambulisho vya wajasiriamali vya elfu ishirini vilipotoka nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, maana kabla ya hapo mgambo walitufukuza kila Jumapili.

Tatizo lenu wakubwa ni majigambo ya vifaa. Mtu analipwa laki nane anatembea na mzigo wa milioni kumi begani, nusu yake mkopo. Mteja hajui lenzi uliyotumia. Anataka aonekane amependeza na apate picha yake. Mzee #4 kasema aliuza karatasi. Na mimi nauza karatasi. Sisi wawili ndio hatulii humu.

#12 Lenzi ya Temeke
Coco, nakuheshimu, ila usifananishe ufukweni saa kumi jioni na ukumbini saa nne usiku. Pale ukumbini taa za zambarau, moshi wa jukwaani, maharusi wanaingia wanacheza, na tukio halirudiwi. Lenzi ya bei rahisi hapo inakupa giza na ukungu. Ukiharibu picha ya ufukweni mteja anasimama tena. Ukikosa pete inavyovishwa, utaishi nayo maisha yako yote, na ukoo hautakusahau.

#13 Bibi Harusi wa Juni
Samahani naingia kama mteja. Nililipa vizuri na kwa wakati. Shela imetoka inang'aa, mimi uso mweusi tii, mume wangu ndiyo kabisa, meno tu. Picha nyingine wakatupaka hadi tukafanana na watu waliopakwa unga. Mama yangu aliuliza huyu ni nani. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kamati mjiulize kama kazi yenyewe mnaijua. Mimi nahisi wateja hawalipi kwa sababu wameumwa na nyoka mara nyingi.

#14 Dada Albamu
Pole sana dada, na una haki ya kukasirika.

Kamera inapopima mwanga inadhani dunia nzima ni rangi ya kijivu cha kati. Shela jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inaogopa weupe na kushusha mwanga, uso wenu unazama. Anayejua anapima kwenye ngozi ya uso, anaongeza mwanga, na flashi anaipiga ukutani au darini irudi laini. Asiyejua anakuja kurekebisha kwenye kompyuta kwa kuvuta weupe wote, ndipo mnapata huo unga.

Na tatizo ni la zamani kuliko huyo kijana wako. Enzi za filamu, Kodak walisambaza kadi za kupimia rangi kwenye maabara za kusafishia picha, na kwa miaka mingi aliyekuwa kwenye kadi ni mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha picha kutoka vizuri. Shinikizo lililowasukuma waboreshe rangi za kahawia lilitoka kwa watengeneza chokoleti na samani waliolalamika bidhaa zao hazitoki sawa kwenye matangazo. Sisi tulikuwepo siku zote. Ndiyo maana nasema mpiga picha wa hapa ambaye hajajifunza kupima ngozi nyeusi hajajifunza kazi.

#15 Fundi Shata
Mimi natengeneza kamera, kwa hiyo siri za wote humu ninazo mezani.

Jibu la mleta mada liko kwenye uchakavu. Chukua Canon 5D Mark III, shata yake, lile pazia linalofunguka na kufunga kila ukibonyeza, imepimwa kuhimili mibonyezo 150,000 hivi. Ukipiga picha elfu mbili kwa harusi, ni harusi 75. Kila harusi inakula kipande cha kamera, lakini sijawahi kuona mpiga picha anayetenga hela hiyo. Shata ikifa anakuja kwangu na kianzio cha mteja wa Jumamosi ijayo, analipia matengenezo, halafu anashangaa hela imekwenda wapi. Imo humu ndani!

La pili, ukungu. Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, unyevu na chumvi ya bahari. Fangasi wanaota ndani ya kioo kama utando wa buibui. Watu wanafungia lenzi kwenye begi la ngozi, wanaliweka kabatini miezi ya mvua. Begi la ngozi linatunza unyevu. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, weka vifuko vile vidogo vya kunyonya unyevu, na lenzi uitoe mara kwa mara ipate hewa na mwanga.

#16 Kijana wa Coco
Fundi umenitetea bila kujua. Kifaa cha bei ndogo, uchakavu mdogo.

#17 Fundi Shata
Sijakutetea. Mchanga niliotoa kwenye kamera za watu wa ufukweni ungetosha kupiga lipu.

#18 Mwenyekiti wa Kamati
Nimekuwa mwenyekiti na mhazini wa kamati nyingi, naomba nisikilizwe bila matusi.

Bajeti ya harusi inapangwa kwa ahadi. Watu wameahidi milioni kumi na tano, siku inafika zimeingia tisa. Ukumbi haukufunguliwi mlango bila kulipwa. Mpishi hanunui ng'ombe bila hela. Mapambo, gari, MC, wote wanadai kabla. Aliyebaki ni mpiga picha, kwa sababu ndiye pekee anayekubali kufanya kazi kwanza. Si dharau. Ni kwamba amejiweka mwishoni mwenyewe, na mwishoni hakuna hela, kuna watu walioahidi ambao sasa hawapokei simu.

Mpiga picha aliyeniambia "salio lote wiki moja kabla, la sivyo sitokei" nilimlipa. Nilinuna, lakini nilimlipa.

#19 Lenzi ya Temeke
Mwenyekiti, nikifanya hivyo wewe huyo huyo unampigia kijana mwingine wa laki tatu. Unalijua hilo.

#20 Mwenyekiti wa Kamati
Wengine wanapiga, sikatai. Inategemea familia ya bibi harusi inamtaka nani.

#21 Wino Mkavu
Mnaongelea harusi tu. Mimi napiga picha za habari, naandikia na kupigia magazeti bila ajira ya kudumu. Analipwa aliyetumia picha, siyo aliyepiga. Umeshinda juani kwenye mkutano wa hadhara, umesukumwa, picha haikupita kwa mhariri, umekula hasara ya nauli. Kamera ikivunjwa ni yako, mguu ukivunjika ni wako.

Halafu nikikumbuka waliotutangulia naona kazi hii ina deni kubwa. Priya Ramrakha wa Nairobi aliuawa akiwa kazini kwenye vita vya Biafra, Nigeria, Oktoba 1968. Mohamed Amin, aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya 1984, mlipuko wa ghala la silaha ulimkata mkono Addis Ababa, na huko huko Ethiopia ndiko alikofia baadaye. Alirudi kazini na mkono wa bandia. Sisi tunapewa kitambulisho cha mkutano na chupa ya maji.

#22 Nai Kati
Mkuu Wino, sahihisho dogo. Mkono alipoteza Addis Ababa 1991, ndiyo. Lakini hakufia Ethiopia. Alikuwa kwenye ndege ya Ethiopian iliyotekwa ikitoka Addis kuja Nairobi, Novemba 23, 1996, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija, Komoro.

Na watu wa Dar mjue huyu ni wenu pia. Alizaliwa Nairobi ila alikulia Dar es Salaam, na kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzishia hapo 1963, akiwa kijana mdogo kabisa.

#23 Wino Mkavu
Nashukuru, Komoro ni sahihi. Hoja yangu inabaki pale pale: yeye alianzisha kampuni yake ya picha. Aliyesubiri kulipwa kwa picha moja moja hakufika popote, tangu enzi hizo.

#24 Ukhti Kamera
Assalaam alaykum. Mchicha Mwiba #2, njoo Mombasa nikuonyeshe harusi ambayo simu yako itaachwa mlangoni.

Sherehe zetu za wanawake, bibi harusi kavaa bila mtandio, wageni wamefungua mabuibui, dhahabu shingoni, haruhusiwi mwanamume hata wa kubeba taa. Mlangoni kuna wamama wanakusanya simu, na wengine wanaweka vibandiko kwenye kamera za simu. Anayepiga ni mimi peke yangu. Na nalipwa vizuri, kabla, kwa sababu wanachonunua ni amana. Picha hizo haziendi kwenye maabara yenye mfanyakazi mwanamume. Nimenunua printa yangu nikachapisha nyumbani, albamu nafunga mwenyewe, na nikishakabidhi nafuta mbele yao kama wakitaka.

Ila ina machungu yake. Siwezi kuweka hata picha moja Instagram. Kazi zangu nzuri kabisa hakuna atakayeziona. Jina langu linatembea midomoni mwa wamama, na mama mmoja akikasirika msimu mzima umekwenda. Na uliyoyasema Mzee #4 ya kutunza negativu, kwangu ni kinyume: nikitunza nimevunja uaminifu.

#25 Mzee wa Negativu
Hata enzi zetu yalikuwepo. Kuna wanawake nilipiga picha mume akiwa amesimama mlangoni, na negativu akaondoka nayo yeye. Nililipwa mara mbili ya bei. Sikulalamika.

#26 Mchicha Mwiba
Ukhti, hapo nimenyoosha mikono kwa Mombasa. Kwa Dar nabaki na simu yangu.

#27 Dada Albamu
Ukhti hiyo printa ni ya wino au ya joto? Maabara ninayopeleka inabadilisha rangi kila wiki, ngozi zinatoka na wekundu, nimechoka.

#28 Ukhti Kamera
Ya joto, ile ya karatasi na utepe wa rangi kwenye mkoba mmoja. Gharama kwa picha ni kubwa kuliko maabara, lakini rangi haiyumbi na picha inatoka kavu, maji hayaifanyi kitu. Njoo inboksi nikuelekeze wanakouza utepe, wengine wanauza ulioisha muda.

#29 Kijana wa Coco
Kama yangu basi. Ukhti na mimi tuanzishe chama.

#30 Lenzi ya Temeke
Nimesoma yote, ahsanteni. Nina Jumamosi mbili za mwezi ujao ambazo bado hazijasainiwa, nitajaribu masharti ya #18 nione familia zitasemaje, nitarudi hapa kuwaambia. Fundi Shata, nina lenzi ya milimita 85 imeanza utando pembeni, bado haujafika katikati. Nilete au niiache?

#31 Fundi Shata
Lete wiki hii kabla mvua haijakolea. Ukiingia kwenye gundi ya kati ya vioo sitaweza kuutoa, nitakuuzia pole tu. Na usiiweke begi moja na nyingine njiani.